Je, Bingwa Aliyezeeka na Kuumia Aweza Bado Kuifaa Timu Yake?

Katika michezo yako maswali yasiyokwisha kuulizwa, na moja katika hayo ni hili: mchezaji aliyekuwa hodari kuliko wenzake wote, akiisha kuwa mtu mzima na mwili wake ukawa umeumia, je, aweza bado kuisaidia timu yake, au yafaa akae kando awapishe vijana? Swali hili huulizwa sana katika mpira wa kikapu, kwa sababu kila upande una wachezaji watano tu uwanjani, na mmoja akiwa dhaifu udhaifu wake huonekana upesi na kila mtu.

Wanaojibu swali hili aghalabu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema jungu kuu halikosi ukoko, nao humtaka bingwa wao acheze mpaka siku ya mwisho, hata akichechemea. Wa pili husema la kuvunda halina ubani, nao humtaka aondoke mara tu anapoanza kuchelewa kukimbia. Ukiyatazama mambo yaliyowapata wachezaji wa kweli, utaona kwamba makundi yote mawili yana haki kidogo na kosa kidogo. Jawabu halimo katika idadi ya miaka ya mtu, wala halimo katika ukubwa wa jina lake. Limo katika kazi anayopewa, na katika kukubali kwake kuifanya kazi hiyo. Makala haya yatajaribu kuieleza sababu yake.

Kwanza tuufikiri mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu James Naismith mwaka 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani, ili vijana wapate mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Tangu siku hizo umekuwa mchezo wa kasi kubwa. Mchezaji hukimbia, husimama ghafula, hugeuka, huruka na kutua, kisha huanza tena, na yote haya juu ya sakafu ngumu ya mbao, au juu ya saruji kama katika shule zetu nyingi. Katika mashindano ya mataifa mchezo mmoja una dakika 40. Katika chama kikubwa cha Marekani kiitwacho NBA una dakika 48, na kila timu hucheza michezo 82 katika msimu wa kawaida, kabla ya kufika mashindano ya mwisho ya kutafuta ubingwa. Basi fikiri ni mara ngapi goti na kifundo cha mguu hupokea uzito wa mtu mrefu wa kilo mia moja na zaidi anapotua kutoka juu!

Umri huondoa vitu fulani katika mwili wa namna hii. Misuli hupoteza nguvu ya kusukuma kwa ghafula, na hiyo ndiyo nguvu ya kuruka na ya kuondoka mbio. Gegedu, yaani ule mfupa laini unaozuia mifupa kusagana ndani ya goti, huchakaa, nalo ni jambo gumu kulirudisha. Kano, zinazofunga misuli katika mifupa, hazinyumbuki kama zamani. Tena jeraha ambalo kijana hupona kwa majuma machache, mtu mzima huweza kulibeba kwa miezi mingi. Mchezaji akiumia mguu mmoja hutegemea zaidi ule wa pili, na mara nyingi ule wa pili nao huanza kulalamika.

Lakini viko vitu ambavyo umri hauviondoi upesi. Urefu wa mtu hubaki. Mkono uliozoea kutupa mpira kikapuni miaka ishirini haisahau kazi yake kwa siku moja. Zaidi ya hayo, akili ya mchezo huongezeka. Mchezaji mzee huujua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka. Hujua adui anataka kupita upande gani. Hujua saa ya kuharakisha na saa ya kutuliza. Kijana hufika mahali kwa miguu, naye mzee hufika mapema kwa sababu aliondoka mapema.

Basi hapa ndipo penye ufunguo wa swali letu. Ukimpa mchezaji mzee kazi inayotaka vitu vilivyomwondoka, atashindwa, naye ataiangusha timu pamoja naye. Ukimpa kazi inayotaka vitu vilivyobaki, huenda akaifanya vizuri kuliko kijana. Na tuone sasa jinsi jambo hili lilivyotokea.

Tuanze na kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1970 timu ya New York Knicks ilikuwa ikigombea ubingwa na Los Angeles Lakers. Kila timu ilikuwa imeshinda michezo mitatu, na mchezo wa saba, wa tarehe 8 Mei, ndio uliokuwa wa kukata maneno. Willis Reed, mchezaji wa kati na nahodha wa Knicks, alikuwa ameumia msuli wa paja katika mchezo wa tano, na mchezo wa sita hakuweza kucheza kabisa. Watu hawakujua kama ataonekana. Wenzake walipokuwa wakijinyosha viungo kabla ya kuanza, Reed alitokea akichechemea, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Mchezo ulipoanza alitupa mpira mara mbili, na mara zote mbili ukaingia. Baada ya hapo hakupata pointi nyingine. Jumla yake ilikuwa 4 tu. Hata hivyo Knicks walishinda kwa pointi 113 kwa 99.

Wengi hukitumia kisa hiki kuonyesha kwamba moyo wa bingwa washinda maumivu. Hapana shaka moyo wake uliwatia wenzake nguvu. Lakini yafaa tukumbuke mambo mawili yasiyotajwa sana. La kwanza, Reed hakuwa mzee. Alikuwa na umri wa miaka 27. La pili, pointi za ushindi zilitoka hasa kwa mwenzake Walt Frazier, aliyepata 36 na kuwagawia wenzake mipira 19 iliyozaa pointi. Kazi ya Reed ilikuwa ndogo, nayo ilifaa hali yake: kusimama imara karibu na kikapu na kumzuia Wilt Chamberlain kwa uzito wa mwili wake. Kazi hiyo haikutaka mbio. Twaweza kusema Reed aliwasha moto, na Frazier akapika.

Kisa cha pili kinaligusa swali letu zaidi, nacho ni cha Bill Walton. Mwaka 1977 Walton aliiongoza timu ya Portland Trail Blazers kupata ubingwa, na mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa chama kizima. Lakini miguu yake ilikuwa na kasoro tangu awali. Katika mashindano ya mwisho ya mwaka 1978 alidungwa dawa ya kutuliza maumivu akacheza, na baadaye picha ikaonyesha kwamba mfupa wa mguu wake umevunjika. Maumivu ni kengele ya mwili. Ukiinyamazisha kengele hukuuzima moto. Kutoka hapo Walton alikosa misimu mitatu mizima, na misimu mingine akacheza kidogo kidogo. Katika maisha yake alipasuliwa zaidi ya mara thelathini.

Mwaka 1985, akikaribia umri wa miaka 33, Walton alihamia timu ya Boston Celtics. Watu wengi walidhani amekwisha. Tena katika Boston nafasi ya mchezaji wa kati ilikuwa na mwenyewe, Robert Parish, na mbele walikuwako Larry Bird na Kevin McHale. Basi Walton, aliyekuwa bora kuliko wote katika nchi nzima miaka saba iliyopita, alikubali kukaa benchi mwanzo wa mchezo na kuingia badala ya wengine. Kwa wastani alicheza dakika 19 tu, na kupata pointi kati ya 7 na 8. Hesabu hizi ni ndogo kwa bingwa. Lakini tazama matokeo yake. Kwa kuwa dakika zake zilikuwa chache, mwili wake uliweza kustahimili: alicheza michezo 80, mingi kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake. Alidaka mipira iliyokosa kuingia, aliwapa wenzake pasi nzuri, na Parish akapata kupumzika. Boston walishinda michezo 67 na kushindwa 15, wakaishinda Houston Rockets na kuchukua ubingwa wa mwaka 1986. Naye Walton alipewa tuzo ya mchezaji bora katika wale wanaoingia kutoka benchi.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, alisaidia sana kwa sababu hakudai cheo chake cha zamani. Pili, msaada huo haukudumu. Msimu uliofuata miguu ilimwangusha tena, akacheza michezo 10 tu ya msimu wa kawaida, na huo ukawa mwisho wake uwanjani. Mchezaji wa namna hii ni kama mafuta yaliyobaki kidogo katika taa. Yatatoa mwanga kweli, lakini mwenye nyumba hana budi kujua kwamba hayatafika alfajiri.

Kuna wengine walioongeza siku zao kwa namna ya kucheza na kwa kutunza dakika. Kareem Abdul-Jabbar alikuwa na mtupo wake maalumu: aliugeuza mwili ubavu, akaunyosha mkono mmoja juu kabisa, na kuutupa mpira kwa kuuzungusha mkono kama ndoano. Mtupo huo ulitegemea urefu na mazoea kuliko kuruka, kwa hiyo haukuzeeka pamoja na magoti yake. Mwaka 1985, katika mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa, Lakers walishindwa na Boston kwa pointi 148 kwa 114, na Kareem, mwenye umri wa miaka 38, alionekana kuwa mzito. Watu wakaanza kusema, ‘Mzee amechoka.’ Katika mchezo wa pili alipata pointi 30 na kudaka mipira 17. Lakers walichukua ubingwa, na yeye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo.

Tim Duncan wa San Antonio Spurs, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, alipata msaada mwingine, yaani mwalimu mwenye akili ya kumpumzisha. Mwalimu huyo, Gregg Popovich, hakungoja Duncan aumie ndipo amweke benchi. Siku moja ya Machi 2012, katika karatasi rasmi ya mchezo, sababu ya Duncan kutocheza iliandikwa kwa mzaha kuwa ni uzee! Mnamo Novemba mwaka huo huo Popovich aliwarudisha nyumbani Duncan na wenzake watatu kabla ya mchezo mkubwa mjini Miami, na chama kikaitoza timu faini ya dola 250,000, kwa sababu watazamaji walikuwa wamelipa kuwaona. Lakini msimu wa 2013–14 hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyecheza wastani wa dakika 30 kwa mchezo. Walifika fainali wakiwa na nguvu, wakaishinda Miami Heat michezo minne kwa mmoja. Duncan alikuwa na umri wa miaka 38. Si kwamba alikuwa na mwili wa chuma. Alikuwa na watu waliompunguzia mzigo.

Sisi watu wa Afrika tunao mfano wetu wenyewe, naye ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa katika Kongo. Katika ujana wake alikuwa mmoja wa wazuiaji wakubwa waliopata kuonekana, na hesabu ya mipira aliyoizuia isiingie kikapuni, 3,289, ilikuwa ya pili katika historia ya NBA alipostaafu, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka 41, akikaa benchi katika timu ya Houston Rockets nyuma ya Yao Ming wa China. Mwezi wa Februari Yao aliumia mguu, wakati timu ilipokuwa katikati ya mfululizo wa ushindi. Wengi walifikiri mfululizo huo umekwisha. Mzee Mutombo aliingia mahali pake, na Rockets wakaendelea mpaka wakafikisha ushindi 22 bila kushindwa. Mutombo hakuombwa kutia pointi nyingi, naye hakutia nyingi. Aliombwa alinde kikapu, kazi aliyoijua kuliko yo yote. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 2009, aliumia goti vibaya katika mchezo wa Portland, na mara moja akatangaza kwamba safari yake ya mchezo imefika mwisho. Hakumficha mtu.

Sasa tufike kwenye kisa kigumu kuliko vyote, ambacho watu wanabishana juu yake hata leo: kisa cha Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers. Bryant alikuwa amepata ubingwa mara tano. Katika mwaka 2013 alikuwa na umri wa miaka 34, na timu yake ilikuwa ikipigania kuingia mashindano ya mwisho. Kwa hiyo alicheza karibu bila kupumzika. Tarehe 10 Aprili, mjini Portland, alicheza dakika zote 48 na kupata pointi 47. Siku mbili baadaye, wakicheza na Golden State Warriors, kano ya kisigino chake ilikatika. Kano hiyo ndiyo inayounga msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Bila hiyo mtu hawezi kujisukuma mbele wala kusimama juu ya vidole. Bryant alikwenda kwenye mstari na kano iliyokatika, akatupa mitupo miwili ya adhabu, na yote ikaingia. Lakers walishinda mchezo huo kwa pointi 118 kwa 116. Siku iliyofuata alipasuliwa.

Hakuna awezaye kukana ushujaa wa tendo lile. Lakini swali letu si la ushujaa wa siku moja. Mnamo Novemba 2013, kabla hajarudi uwanjani, timu ilimpa mkataba mpya wa miaka miwili wa dola milioni 48.5. Alirudi tarehe 8 Desemba. Akacheza michezo sita, kisha mfupa wa goti lake ukavunjika, na msimu ukawa umekwisha kwake. Msimu uliofuata alicheza michezo 35, kisha akachanika kano za bega la kulia; mchezo huo aliumalizia kwa mkono wa kushoto. Zamani, katika kila mitupo 100 aliyotupa, iliyoingia ilikuwa kama 45. Katika msimu huo iliingia kama 37, na katika msimu wake wa mwisho kama 36. Hata hivyo yeye ndiye aliyeendelea kuwa mtupaji mkuu wa timu, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Tena lilikuwako jambo la fedha. Chama cha NBA huweka kikomo cha mishahara ambayo kila timu yaweza kuwalipa wachezaji wake wote, ili timu tajiri zisinunue kila mtu hodari. Mshahara wa Bryant wa msimu wa 2014–15 peke yake ulikuwa zaidi ya theluthi moja ya kikomo hicho. Fedha iliyokwenda kwa mzee aliyeumia haikuweza kutumika kwa kumtafuta kijana mzima. Katika msimu huo Lakers walishinda michezo 21. Katika ule wa 2015–16, wa mwisho wa Bryant, walishinda 17 na kushindwa 65, hali mbaya kuliko yo yote katika historia ya timu hiyo.

Lakini siku ya mwisho kabisa, tarehe 13 Aprili 2016, Bryant mwenye umri wa miaka 37 alipata pointi 60 dhidi ya Utah Jazz, na Lakers wakashinda 101 kwa 96. Ili kuzipata alitupa mpira mara 50, ukaingia mara 22. Walioutazama mchezo ule hawausahau, na baada ya kifo chake cha ghafula mwezi wa Januari 2020 umekuwa kumbukumbu ya thamani zaidi. Basi, je, aliisaidia timu yake katika miaka ile mitatu ya mwisho? Ukiuliza juu ya furaha ya watazamaji na heshima ya jina la timu, alisaidia. Ukiuliza juu ya kushinda, hesabu zinasema hapana. Kwa haki lazima tuongeze kwamba timu yenyewe ilikuwa dhaifu, wala hakuna awezaye kuapa kwamba bila Bryant ingalishinda zaidi. Tunaloweza kusema ni hili: alipewa kazi ile ile ya ujana, na mwili wake haukuwa tena na vitu vinavyotakiwa na kazi hiyo.

Wala tusidhani kwamba jeraha moja huwapata watu wote kwa namna moja. Dominique Wilkins wa Atlanta Hawks alikatika kano hiyo hiyo ya kisigino mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 32; msimu uliofuata alirudi na kupata wastani wa karibu pointi 30 kwa mchezo. Isiah Thomas wa Detroit Pistons alikatika kano hiyo mwaka 1994, naye akiwa na miaka 32, akiwa amekwisha kukaribia kustaafu, na hakucheza tena. Umri mmoja, kano moja, matokeo mbali mbali. Kwa hiyo anayesema ‘wote hurudi’ amekosea, na anayesema ‘hakuna arudiye’ amekosea vile vile.

Katika visa hivi vyote twaweza kutoa maswali manne, na yeyote anayeongoza timu aweza kuyatumia. Swali la kwanza: ni kitu gani kimemwondoka mchezaji huyu, na ni kitu gani kimebaki? La pili: je, timu inahitaji kile kilichobaki? Boston walihitaji dakika 19 za mtu mrefu mwenye akili, wakazipata. La tatu: je, mwenyewe amekubali kazi ndogo kwa moyo safi, au atanung'unika benchini mpaka wenzake waharibikiwe? La nne: nafasi yake inamzuia nani? Kama nyuma yake hakuna mtu, mwache acheze. Kama nyuma yake yuko kijana anayekua, kila dakika ya mzee ina gharama yake.

Huku shuleni hatuna wachezaji wa miaka 38, lakini mambo haya yanatuhusu. Katika kila timu ya shule huwako ‘mzee’ wa Kidato cha Nne au cha Sita, aliyeibeba timu miaka miwili au mitatu, na ambaye kifundo chake kimevimba juma moja kabla ya mchezo wa mwisho na shule jirani. Wote wanataka acheze, na yeye anataka zaidi ya wote. Hapo ndipo hatari ilipo. Kifundo kilichoteguka kikirudishwa uwanjani kabla hakijapona huteguka tena kwa urahisi. Mchezaji wa NBA ana madaktari wake na mshahara wake. Mwanafunzi ana mguu ule ule ambao atautumia maisha yake yote, shambani, kazini na popote atakapokuwa.

Basi nawashauri wenzangu hivi. Wewe uliyeumia, mweleze mwalimu wa michezo ukweli wote, usifunge kitambaa na kujifanya mzima. Wewe nahodha, usimwambie mwenzako kwamba asipocheza ameisaliti shule. Nanyi watazamaji, mkimwona bingwa wenu ameketi benchi msimzomee mtoto aliyeingia mahali pake, maana huyo ndiye timu ya mwaka ujao. Yule aliyeketi ana kazi bado. Aweza kutazama adui wanapita wapi, na wakati wa mapumziko akawaambia wenzake. Aweza kuingia dakika tano za mwisho, ikiwa mguu waruhusu, kutuliza mpira wakati vijana wamepagawa. Aweza kumfundisha mdogo wake jioni namna ya kusimama karibu na kikapu.

Jungu kuu halikosi ukoko, ni kweli. Lakini ukoko huliwa kwa kiasi, wala hauwashibishi watu wote wa nyumba. Wapishi na wapike chakula kipya, na lile jungu litunzwe vizuri.